Futikamba

Mwezi wa pili, Kutaisi, ghorofa ya nne.
Kwenye roshani tuliyoiziba kwa vioo visivyofanana
nimekilaza kichwa cha kitanda cha shangazi Tsiuri
juu ya meza ya kupigia pasi.
Mbao za mjozi. Miaka hamsini zimesikiliza usingizi wa watu;
leo nazipiga randa,
zinanuka kahawa na ganda bichi.

Binti yangu Keto anataka kompyuta.
Viungo tumevinunua kimoja kimoja:
ubaomama wa mtumba kwa kijana wa Batumi,
feni mbili, moja inakohoa,
kikasha cha umeme kizito kama tofali.
Kasha la kuvivika vyote hivyo
dukani lilikuwa mshahara wa wiki mbili,
bati jembamba, taa za rangi kama ukumbi wa harusi.
Nikasema, nitaliunda mwenyewe.
Mke wangu hakujibu. Alihamisha nguo zilizoanikwa.

Otia wa ghorofa ya chini aliniazima msumeno wa chuma
akaniazima na maoni yake.
Bati la nyuma nimelikata kwenye mlango wa friji iliyokufa.
Tupa ikalia, majirani wakagonga ukuta,
tupa ikalia tena.
Kidole cha shahada kikachanika hadi kwenye ukucha.
Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda;
hawakusema kidonda kitakuwa cha nani.

Vipimo vilikuwa kwenye karatasi:
mia tatu na tano kwa mia mbili arobaini na nne.
Rula ya chuma ilipotea tulipohama,
basi nikafungua droo ya cherehani
nikatoa futikamba ya mama, Guliko,
ya manjano, namba zimefutika kumi hadi kumi na nne,
pale kidole gumba chake kilipozoea kukaa.
Nikapima. Nikapima tena. Nikatia alama kwa chaki yake.
Nikatoboa matundu tisa kwa kekee.

Usiku wa Jumapili tukaulaza ubaomama mahali pake.
Skrubu ya kwanza ikaingia kama ufunguo.
Ya pili pia. Ya tatu ikasita.
Ya mwisho, ya pembeni kabisa, haikuliona tundu;
tundu lilikuwa mbele, milimita nne,
likinitazama
kama jicho la mtu aliyejua.

Nikamlaumu Otia. Nikalaumu kekee, baridi, mjozi.
Keto akaleta rula yake ya shule
akailaza kando ya futikamba.
Thelathini ya mama iliipita thelathini ya shule
kwa njiti mbili za kiberiti.

Kitambaa huvutika.
Miaka arobaini shingoni mwake,
ikizungushwa vifua vya mabibi harusi, viuno vya wajawazito,
ikirefuka kidogo kidogo kama deni la dukani.

Nikaiona sare yangu ya darasa la kwanza,
mikono imefunika vidole.
Koti la kaka Zaza, lililompwaya mpaka akaoa.
Gauni la Tsiuri la kuzikia mumewe,
alilolishikiza kwa pini mbili.
Tulidhani mama anatuachia nafasi ya kukulia.
Tulimshukuru kwa hilo.
Na yeye, miaka ile ya giza na foleni za mkate,
amepiga magoti, pini mdomoni,
akiuona mshono wake unaning'inia mabegani mwetu,
alidhani ni sisi tunaokonda.

Nimetoboa matundu mapya kando ya yale.
Ya zamani sikuyaziba.
Kasha limezidi kila upande, linapwaya,
upepo unapita humo bila kubisha hodi
na feni inayokohoa imepata nafuu.
Kitufe cha kuwashia ni kifungo cha koti, cha mfupa,
kutoka droo ileile.

Otia alikuja kukagua.
Akapitisha penseli kati ya ubaomama na mjozi,
akaipitisha tena, apate uhakika.
"Umekosea vipimo," akasema.

Keto hakugeuka kutoka kwenye kioo.
"Bado inakua."